Fumbo Lililopotelewa na Mji

Husemwa kwamba simu imeliua shairi la siasa. Mimi sikubali. Mashine si ngeni kwa watunzi wetu: katika kampeni za ubunge huko Lamu miaka ya 1970, tungo za Kimondo zilirekodiwa kwenye kanda za kaseti, zikasikilizwa majumbani, na upande wa pili ukajibu kwa kanda zake. Msikilizaji aliitambua sauti, na akajua kimondo kimemwangukia nani.

Ubeti wa WhatsApp hutufikia bila sauti, mara nyingi bila jina. Vina vimo, mizani imetimia (pengine kuliko ya wakongwe!), lakini fumbo halimo. Sistaajabu. Fumbo huhitaji mji unaojuana. Ubeti unaosomwa Wete, Maskati na Toronto kwa dakika moja hulazimika kumtaja mheshimiwa kwa jina lake na kumtukana waziwazi. Na mtunzi asiyejulikana hajibiwi, ubeti wake hupitishwa tu kwa mwengine. Hasara kubwa ni hiyo, kwani hofu ya kujibiwa ndiyo iliyokuwa ikimfanya malenga apime neno kabla ya kulitoa.

Wakati huohuo sheria zimekaza. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na kanuni za 2018 zikawataka wenye blogu kulipia leseni. Wazee walificha neno mahali ambapo kila jirani aliweza kulifumbua. Vijana wetu wanalianika mbele ya askari, na wanachokificha ni jina tu, ambalo simu inalijua.