Kamera Inamkimbilia Anayeruka

Video nyingi za ngoma zinazorekodiwa kwa simu mjini Bujumbura zina kasoro moja: kamera inamkimbilia anayeruka. Ndiye anayevutia macho, simlaumu mpigaji picha. Lakini fundi wa kazi hii ni yule aliyesimama kwenye ngoma ya kati.

Ngoma hupangwa nusu duara kuizunguka inkiranya, yaani hiyo ngoma ya kati. Ngoma za amashako hushika mapigo yasiyokatika; za ibishikizo huifuata inkiranya inakokwenda. Wapigaji hupokezana pale katikati: mmoja anatoka kwenye safu akicheza, anashika mirisho, fimbo za kupigia, na mdundo unageuka kwa amri yake. Anaagiza, wenzake wanajibu. Ukiliondoa agizo, kinachobaki ni kishindo tu.

Na agizo ndilo lililoanza kupotea ngoma hizi zilipoingia studio. Mwaka 1967 Michel Vuylsteke alizirekodi nchini Burundi, na kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikatoa santuri. Mwaka 1971 mwanamuziki Michel Bernholc aliongeza kinanda na ala za roki juu ya rekodi hiyo, ikawa "Burundi Black". Jina la msanii likaandikwa Burundi Steiphenson Black, kundi la kubuni tu la studio. Mwimbaji Joni Mitchell, katika "The Jungle Line" ya 1975, alifanya kazi nadhifu zaidi: alichukua kipande cha rekodi, akakizungusha mfululizo, kisha akaweka sintesaiza ya Moog na sauti yake juu. Wimbo ni mzuri, nakiri. Ila kipande kinachojirudia hakina wa kukiongoza. Inkiranya imo ndani yake, lakini haiamuru tena chochote.

Simu inafanya yaleyale kwa njia nyingine. Kishindo kikizidi, maikrofoni yake hujipunguzia sauti yenyewe, na mapigo makubwa na madogo yanakaribiana. Spika ndogo nayo haiwezi kutoa mngurumo wa chini. Mtazamaji wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, au wa Brussels, anabaki na picha ya mtu hewani na sauti ya mbao zikigongwa.

Kuna pia suala la nani anaonekana. UNESCO iliiorodhesha sanaa hii kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2014. Lakini amri ya rais wa Burundi ya Oktoba 2017 ikawakataza wanawake kuzipiga ngoma hizo na kuvitaka vikundi viombe kibali cha wizara. Kwa hiyo hata kamera bora itaonyesha kile tu kilichoruhusiwa.

Wewe unayerekodi, weka kamera moja mahali pamoja, ichukue nusu duara nzima tangu wapigaji wanapoingia na ngoma vichwani. Kinasa sauti kikae mbali na simu, karibu na inkiranya. Na ukiiweka video mtandaoni, andika jina la kikundi na la kila aliyeshika zamu katikati.