Kofia ya Mahafali na Jua la Saa Sita

Kofia ya mahafali ilibuniwa na watu wa nchi ambako jua halisimami utosini. Nairobi iko digrii moja na kitu kusini ya ikweta, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimezoea kufanya mahafali yake Septemba na Desemba. Mwishoni mwa Septemba, mnamo saa sita na nusu mchana, jua huwa wima juu ya jiji. Mhitimu akiongozana na jamaa zake hadi uwanja wa KICC, jumba la mikutano lenye mnara, kupigwa picha, ule ubapa wa kofia humwangushia kivuli kuanzia kwenye nyusi hadi puani. Mashada ya kumetameta shingoni yanang'aa, joho linaonekana, mnara nyuma umetoka vizuri. Macho hayapo.

Flashi ya nje ndiyo dawa, lakini wengi huitumia kwa namna isiyowafaa. Wanaichomeka juu ya kamera, wanaielekeza usoni, wanaacha kamera iamue. Macho yanarudi, ndiyo, ila paji la uso linapata doa jeupe linalong'aa na sura yote inalala bapa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua ununue flashi gani. Jua likiwa kali, ISO ikiwa 100 na kasi ya shata 1/200, tundu la lenzi linalofaa huwa karibu f/11. Kamera nyingi haziendi na flashi kwa kawaida zaidi ya 1/200 au 1/250, kwa hiyo huna nafasi kubwa ya kucheza. Sasa tazama flashi. Nguvu yake hupimwa kwa namba ya mwongozo: gawa namba hiyo kwa umbali wa mita kati ya flashi na mtu, utapata tundu la lenzi. Godox V1 ina namba 28, ikipimwa kwa zumu ya 50mm. Mita mbili kutoka kwa mhitimu inakupa f/14, yaani imelipita jua kidogo. Ipitishe kwenye mwavuli mweupe, nao unameza takriban stopu mbili, na kila stopu ni kupoteza nusu ya mwanga. Unabaki na f/7. Isogeze hadi mita 1.4, unapata f/10, na hapo uso na jua vinakaribiana.

Hapa ndipo maandishi ya kwenye boksi yanapopotosha. Godox TT600 imeandikwa namba 60, na mnunuzi anadhani ina nguvu maradufu ya V1. La. Hiyo 60 imepimwa kwa zumu ya 200mm, mwanga ukiwa umebanwa uwe mwembamba kabisa. Ukiweka mwavuli mbele yake, faida ya zumu hiyo inakwisha. Kabla ya kulinganisha flashi mbili dukani, uliza namba zao zimepimwa kwa zumu ipi. Muuzaji akishindwa kujibu, fungua kijitabu kilichomo ndani ya boksi.

Turudi chini ya mnara. Vitabu vingi vya upigaji picha vinafundisha kuinua taa juu ya kichwa cha mtu, ielekee chini kwa digrii 45. Kwa mhitimu aliyevaa kofia, kanuni hiyo inaharibu kazi, kwa sababu ubapa ule ule uliozuia jua utaizuia na flashi. Taa ikae usawa wa macho au juu kidogo tu, upande mmoja, iingie chini ya kofia. Kofia yenyewe irudishwe nyuma kiasi, kidevu kiinuke. Kama amevaa miwani, sogeza taa pembeni zaidi hadi mng'ao utoke kwenye vioo. Desemba kazi ni nyepesi kidogo, kwani jua la adhuhuri huegemea kusini kwa zaidi ya digrii 20. Mgeuze mhitimu atazame kaskazini, jua limpige mgongoni na kuchora mstari wa mwanga mabegani, flashi ishughulike na uso peke yake.

Mwavuli nao hatuutumii kwa urembo. Ngozi nyeusi inatoa sura yake kwa namna inavyorudisha mwanga. Chanzo kidogo kama kioo cha flashi kinarudi kama nukta kali kwenye paji, pua na mashavu, hasa uso ukiwa umepakwa mafuta. Chanzo kipana kinarudi kama mteremko laini unaoonyesha umbo la uso. Ndiyo maana kumwongezea mtu mweusi nguvu ya flashi, kama wengi wanavyofanya, hakusaidii. Anachohitaji ni taa pana iliyo karibu. Mwavuli wa upana wa mita moja, ukiwa mita moja na kitu kutoka usoni, unatosha kwa picha ya kuanzia kiunoni.

Picha ya mwili mzima, mnara wote ukionekana nyuma, ni habari nyingine. Mwavuli ukikaa karibu utaingia kwenye picha. Hapo ninauondoa bila kusita. Flashi tupu mita tatu kutoka kwa mhitimu inatoa f/9 na ushei, chini kidogo ya jua, na kwa kuwa uso ni mdogo kwenye picha, ukali wa mwanga hauonekani sana. Wasomaji wanaopenda ulaini kila mahali wataninunia.

Kuna mtego mwingine: joho. Mtindo wa TTL, ambapo kamera yenyewe hupima flashi, unaona nguo nyeusi imejaa kwenye fremu, unadhani kuna giza, unaongeza mwanga, na uso unaungua. Akija baba yake mhitimu mwenye kanzu nyeupe, kamera inafanya kinyume. Foleni ya watu wanaosimama mahali pale pale kwa umbali ule ule haihitaji kamera ya kufikiri. Weka nguvu kwa mkono, pima mara moja, endelea. TT600 haina TTL kabisa, na kwa kazi hii hukosi chochote.

Unachoweza kukikosa ni kasi ya kujaa. Juani flashi inafanya kazi kwa nguvu zote kila mara, na betri nne za AA huchoka. V1 yenye betri ya lithiamu hujaa kwa sekunde moja na nusu. Ukiwa na betri za AA, wahamishe watu kwenye kivuli cha jengo. Pale mwanga hushuka hadi karibu f/4, nawe unapunguza flashi hadi moja ya nane ya nguvu yake. Inajaa papo hapo. Angalia tu usiwasimamishe karibu mno na ukuta wa rangi ya udongo, maana rangi hiyo itapanda mashavuni.

Jambo hilo la rangi linakuwa kubwa zaidi ukienda magharibi ya jiji. Nairobi Arboretum, iliyoanzishwa 1907 kujaribu miti ya kufaa reli, ina kivuli kizuri lakini cha kijani, nacho hukaa usoni. Flashi iliyo karibu, ikiwa na nguvu kuliko mwanga wa majani, huusafisha. Westlands, majengo ya vioo hurudisha jua upande wa pili wa barabara kama taa ya pili. Hapo wakati mwingine huhitaji flashi hata kidogo.

Kwa mwenye bajeti ndogo, uamuzi wangu ni huu: flashi moja isiyo na TTL, triga ya redio, stendi, mwavuli mweupe na seti mbili za betri za kuchaji. Pesa ikibaki, usinunue flashi ya pili. Mlipe mtu wa kushika hiyo stendi, kwa sababu upepo wa uwanja wa KICC huangusha mwavuli.