Parabola ni Moja

Duniani kuna parabola moja tu. Mwalimu wa hisabati anayelijua hilo utamtambua kwa mkono wake, kabla hajasema neno. Mwandikie ubaoni y = (x − 3)² + 2, uone kama ataanza kuchora jedwali. Wengi huchora: wanapanga thamani za x kutoka −3 hadi 3, wanajaza za y chini yake, wanatia nukta, na jedwali linaishia pale pale mkunjo ulipofika chini na kutaka kugeuka. Darasa linaondoka na nusu ya umbo. Fundi hana haja ya jedwali. Anaiwazia y = x² imekaa kwenye makutano ya mihimili, anaisogeza hatua tatu kulia, anaipandisha mbili, kwisha.

Chunya ni mji uliokuzwa na dhahabu ya Lupa tangu miaka ya 1920, na ufundi wa namna hii haupati shida kueleweka hapo. Mwosha mchanga akizungusha karai hahesabu chembe. Anatazama ule mstari mwembamba wa njano unavyobaki nyuma ya mchanga mweusi, naye anajua. Jicho la mchora grafu limefunzwa hivyo hivyo.

Kinachowasumbua wanafunzi miaka nenda rudi ni ile alama ya kutoa. Mbona −3 inapeleka mchoro kulia? Kuna walimu wanaojibu kwamba ndani ya mabano mambo huenda kinyume, wakariri hivyo, na mtihani watafaulu. Jibu hilo mimi silipendi, maana sababu yenyewe ni fupi kuliko kanuni. Mraba hauwezi kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo mkunjo unagusa chini pale mabano yanapokuwa sifuri, na x − 3 ni sifuri x ikiwa 3. Mabano yanachelewesha: kila jambo lililokuwa likitokea kwenye x fulani sasa linasubiri hatua tatu zaidi. Ile 2 iliyo nje haina ukaidi huo. Inaongezwa baada ya kazi kwisha, basi inapandisha tu.

Mpangilio nao una uzito wake. Chukua x². Ivute wima mara mbili kwanza kisha ipandishe moja, utapata 2x² + 1, ambayo chini kabisa ni 1. Pandisha kwanza kisha vuta, utapata 2(x² + 1), na chini kabisa ni 2, kwa sababu hata ule mwinuko umezidishwa.

Ufundi huu una wazee wake. Al-Khwarizmi, huko Baghdad katika karne ya 9, alitafuta namba ambayo mraba wake ukijumlishwa na mara kumi yake unatoa 39. Alichora mraba, akaubandika mistatili miwili yenye upana wa 5, akaona kona moja iko wazi. Akaijaza kwa 25. Umbo zima likawa mraba wa 64, upande wake 8, na namba ikawa 3. Hakuwa na mihimili wala grafu, lakini kona ile ndiyo inayotuwezesha leo kuandika (x + 5)² − 64: parabola ileile, imesogezwa tano kushoto na kushushwa 64. Inakata mhimili wa x kwenye 3 na kwenye −13. Hiyo ya pili aliiacha. Upande wa mraba utakuwaje chini ya sifuri?

Lakini y = 4x² nayo, nyembamba namna ile, ni parabola ileile kweli? Ni ileile. Chukua y = x², ipunguze pande zote mbili hadi robo. Nukta (2, 4) inakuwa (0.5, 1), na 4 mara 0.25 ni 1: imeangukia kwenye y = 4x² barabara. Tunachokiita kuvuta ni kuitazama kwa karibu au kwa mbali. Duara lina tabia hiyo pia, duaradufu haina.

Asiyesadiki aende kwenye madishi. Dishi la futi 6, lenye upana wa sentimita 180 na kina cha 30, hukusanya mawimbi kwenye nukta moja, fokasi. Zidisha upana kwa upana, gawa kwa kina mara 16: 32,400 kwa 480 ni sentimita 67.5 kutoka kitako cha dishi, na hapo ndipo unapokaa mdomo wa LNB, kile kipokezi cha mawimbi. Hamisha dishi kutoka paani hadi uani, namba hiyo haisogei. Likibonyea mkunjo ukabadilika, inasogea, na picha inapotea. Dishi bapa na dishi la kina hutofautiana tu katika mahali mkunjo ulipokatwa na ukubwa uliochorwa nao.

Yale madogo ya ving'amuzi ndiyo yenye ujanja zaidi. Yamekatwa ubavuni mwa parabola, ili LNB na mkono wake visizibe njia ya mawimbi, ndiyo maana mkono huanzia ukingoni. Ncha ya parabola, ile nukta ambayo x mraba ni sifuri, iko karibu na ukingo huo, na pengine nje ya bati kabisa, kwa hiyo kupima umbali wa fokasi kutoka katikati ya dishi ni kupoteza mchana.