Uundaji wa Nafsi ya Askari katika Maigizo ya Vita vya Kale

Maigizo ya vita vya kale yamekwisha kuwa mchezo wenye wafuasi wengi katika Ulaya na Marekani. Mwaka 1961 pigano la Manassas, la vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, liliigizwa upya mbele ya umati mkubwa. Mwaka 1968 kilianzishwa Uingereza chama cha Sealed Knot, ambacho huigiza vita vya karne ya kumi na saba. Mwigizaji wa namna hii aghalabu hapewi maneno ya kukariri. Hutakiwa ajiundie nafsi: jina, umri, kijiji alikozaliwa, kazi aliyoifanya kabla ya kuandikwa jeshini, dini, sababu ya kushika bunduki, hata vitu vilivyomo mfukoni. Kwa maneno mengine, ni mtunzi na mhusika kwa wakati mmoja. Na kwa kuwa huo ni utunzi, hapana sababu usihakikiwe kama utunzi mwingine wowote.

Kigezo cha waigizaji wenyewe ni usahihi, nao usahihi huo mara nyingi huishia kwenye vitu. Vifungo huhesabiwa; rangi ya kitambaa hubishaniwa usiku kucha. Kwa askari wa Afrika Mashariki wa vita vya 1914 hadi 1918 kigezo hiki si kigumu kutimizwa. Yajulikana kwamba askari wa Mjerumani alivaa kaki na tarbushi iliyofunikwa kitambaa chenye kipande cha kuhifadhi shingo. Kwamba vita vilipoanza kombania nyingi zilikuwa bado na bunduki za Mauser za mwaka 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi uliomfichua mpigaji. Kwamba askari wengi wa Keya, yaani King's African Rifles, walitembea miguu mitupu. Yote hayo hupatikana kwa fedha na subira. Tatizo laanza mwigizaji afunguapo kinywa.

Aseme Kiswahili kipi? Akimwita mkubwa wake "sajini" naye yumo katika jeshi la Mjerumani, amekwisha kujichanganya. Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889 aliandika Wasudani kutoka Misri, na vyeo vikaja pamoja nao kutoka jeshi la Kituruki: ombasha, shaushi, betishaushi, soli, efendi. Kwa Keya maneno ya Kiingereza, kama vile koplo na sajini, ndiyo yaliyotawala. Neno moja tu la cheo huonyesha askari alifunzwa na nani.

Kosa kubwa zaidi ni kumpa askari huyo Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji iliundwa mwaka 1930. Askari wa mwaka 1916 anayezungumza kama kitabu cha shule ana dosari ileile ya mwenzake aliyesahau kuvua saa ya kisasa mkononi, ila dosari ya lugha hupita bila kuonwa. Wala dawa yake si kumrudisha kwenye lugha ya tenzi. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy juu ya vita vya Wadachi ni hazina kwa anayetaka kujua watu wa Mrima waliwaonaje wavamizi na majeshi yao. Lakini ni lugha ya mwanachuoni wa pwani. Askari wengi wa mwaka 1914 walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema, na kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi na ya njia za misafara.

Yupo atakayekimbilia Kikeya, na hapo pana mtego. Upungufu wa upatanisho wa kisarufi unaochekwa katika Kikeya haukutoka kwa askari peke yao. Ulitoka pia kwa maofisa Waingereza waliojifunza lugha kwa haraka ili watoe amri. Mwigizaji anayemfanya askari wake aongee Kiswahili kilichovunjika, bila kujiuliza nani alikivunja, humtia mtu makosa ya bwana wake kisha akayaita tabia yake.

Jambo hilohilo limetendeka katika maudhui. Sababu ya kupigana ambayo nafsi hizi hupewa kwa wepesi ni utiifu. Picha ya askari mtiifu ilienezwa Ujerumani na Lettow-Vorbeck, ambaye kitabu chake Heia Safari! kilitoka mwaka 1920, wakati Wajerumani wengi walipokuwa wakidai warudishiwe makoloni. Ushahidi mwingine haukubaliani na picha hiyo. Askari walitoroka, na mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha sita cha Keya kutokana na watu waliokuwa askari wa Mjerumani. Michelle Moyd, katika Violent Intermediaries (2014), aonyesha watu waliotafuta heshima, mali na nyumba zao wenyewe, wakifuatana na wake na watoto vitani. Nafsi yenye mke msafarani ina la kusema asubuhi ya kuondoka kambini. Nafsi yenye utiifu mtupu haina.

Kuna kisa kinachosimuliwa mara kwa mara. Katika miaka ya 1960, Ujerumani Magharibi ilipokubali kuwalipa askari wake wa zamani malimbikizo ya mshahara, wazee wasiokuwa na hati walipewa fagio na kuamriwa kwa Kijerumani kufanya gwaride la bunduki, nao wote wakafuzu. Husimuliwa kama sifa. Lakini wazee hao waliigizwa nafsi zao wenyewe, na kilichotakiwa kwao ni mikono tu.

Waswahili walikuwa na maigizo yao ya jeshi. Terence Ranger, katika Dance and Society in Eastern Africa (1975), ameieleza ngoma ya beni, pamoja na Marini na Arinoti, ambamo watu walivaa sare na kujipa vyeo vya kijeshi hadi ujenerali. Hakuna aliyehesabu vifungo. Sare ya mzungu ilitiwa katika mashindano ya mitaa, ikasema mambo ambayo mwenye sare hakuyakusudia. Kwa kipimo cha usahihi beni haifai kitu; kwa kipimo cha utunzi imewazidi mbali wanaonunua tarbushi.

Imebaki nafsi moja ambayo ni nadra kuchaguliwa. Wapagazi waliokufa katika vita hivyo walikuwa wengi kuliko askari, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa. Mpagazi hana bunduki, hana cheo cha Kituruki wala cha Kiingereza, na sare yake si ya kubishaniwa. Jina la kikosi chake limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambako wanunuzi hulitaja kila siku bila kukiigiza chochote.