Mzunguko Upi, na Nini Kimepotea? Uhakiki wa Istilahi za Ugiligili wa Uchorongaji wa Visima kwa Mtumiaji wa Kiswahili wa Ololosokwan

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyotaja jambo moja la kiufundi: mzunguko wa ugiligili unaotumika wakati wa kuchoronga kisima kirefu. Hoja yake ni kwamba maneno matatu yanayomjia kwa wepesi fundi na mfasiri, yaani "tope", "mzunguko" na "kupotea kwa maji", yana utata ambao hauishii kwenye kamusi. Utata huo huweza kuingia katika uamuzi wa kuendelea kuchoronga au kuhamisha mtambo, na uamuzi huo hugharamiwa na wanaokisubiri kisima.

Mtumiaji wa lugha anayezingatiwa hapa ni mkazi wa Ololosokwan, kijiji cha tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti karibu na mpaka wa Kenya. Wakazi wake wengi ni Wamaasai wafugaji. Kimaasai ni lugha ya nyumbani na ya malishoni. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya nyaraka. Tangu Juni 2022, kilomita za mraba 1,500 za Loliondo zilipotengwa kuwa Pori Tengefu la Pololeti, swali la mahali pa kunyweshea mifugo katika ardhi iliyobaki limekuwa zito zaidi. Istilahi inayomchanganya msomaji huyu kuhusu kisima haiwezi kuhesabiwa kuwa kasoro ndogo ya mtindo.

2.0 Kiunzi cha uhakiki

Uhakiki unaongozwa na Nadharia ya Skoposi ya Vermeer, inayopima tafsiri kwa lengo ambalo matini lengwa inapaswa kulitimiza kwa watumiaji wake. Pamoja nayo, vimetumika vigezo viwili kati ya vile vya PEGITOSCA alivyopendekeza Kiingi kwa ajili ya kupima istilahi: usahihi na uwazi. Usahihi hudai istilahi moja itaje dhana moja. Uwazi hudai umbo la istilahi limsaidie msomaji kuikisia dhana. Kama itakavyoonekana, istilahi inaweza kuwa na uwazi mwingi na bado ikamwelekeza msomaji kwenye dhana isiyo yake.

3.0 Tope lisilo tope

Dhana yenyewe ni rahisi kuieleza. Ugiligili husukumwa kupitia ndani ya bomba la kuchorongea, hutokea kwenye keekee, kisha hupanda juu kupitia uwazi uliopo kati ya bomba na ukuta wa shimo. Njiani huipoza keekee, huondoa vipande vya mwamba na, ukiwa mzito, huushikilia ukuta usiporomoke. Ukifika juu humwagwa katika shimo la kutuamishia, vipande hutuama, na ugiligili huvutwa tena na pampu.

Jina "tope" limetokana na historia ya uchorongaji wa mafuta. Inasimuliwa kwamba katika kisima cha Spindletop, Texas, kilichofoka mafuta tarehe 10 Januari 1901, wachorongaji walipitisha ng'ombe katika dimbwi ili walikanyage na kuligeuza maji kuwa tope zito la kuzuia mchanga usiporomoke. Mfugaji wa Ololosokwan angekielewa kisa hiki bila mkalimani. Tatizo ni kwamba tope hufaa zaidi katika udongo na mchanga. Katika miamba migumu njia iliyozoeleka ni nyundo inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa na kompresa, na mara nyingine hewa huchanganywa na povu. Hapo ugiligili ni hewa.

Kwa hiyo, "tope la kuchorongea" likitumika kama istilahi ya jumla linashindwa kigezo cha usahihi: linataja aina moja ya dhana kana kwamba ndiyo dhana nzima. Athari yake ni ya vitendo. Tope hubeba vipande likipanda kwa kasi iliyo chini ya mita moja kwa sekunde, ilhali hewa pekee huhitaji kasi ya takribani mita 15 kwa sekunde au zaidi. Ushauri wa "kuboresha mzunguko wa tope" haumsaidii fundi mwenye kompresa. Makala haya yanapendekeza "ugiligili wa kuchorongea" liwe jina la jumla, na "tope", "povu" na "hewa" ziwe aina zake.

4.0 Mzunguko wa nini?

Neno "mzunguko" lina utata wa hatari zaidi. Katika "mzunguko wa damu" linataja kwenda na kurudi kwa kimiminika. Katika "mzunguko wa gurudumu" linataja kitu kugeuka kwenye mhimili wake. Mtambo wa kuchoronga una vyote viwili kwa wakati mmoja: keekee inageuka na ugiligili unakwenda na kurudi. Agizo "ongeza mzunguko" halisemi ni upi uongezwe.

Hesabu fupi inaonesha tofauti hiyo. Shimo likiwa na kipenyo cha milimita 200 na bomba milimita 114, pampu inayotoa lita 10 kwa sekunde huupandisha ugiligili kwa kasi ya mita 0.47 kwa sekunde hivi. Shimo likiwa la milimita 250, pampu ileile huupandisha kwa mita 0.26 tu. Kuboresha mzunguko wa ugiligili, basi, ni kuongeza uwezo wa pampu, kupunguza upana wa uwazi, au kubadili uzito na unato wa ugiligili. Msaidizi anayelifasiri agizo kuwa ni kuigeuza keekee haraka zaidi huongeza vipande ambavyo ugiligili hauwezi kuvitoa. Vipande hurundikana na bomba huweza kukwama.

Mofolojia ya Kiswahili inatoa suluhisho bila kukopa. Kitenzi -zunguka kinatoa "mzunguko", na -zungusha, chenye kiambishi cha usababishi, kinatoa "mzungusho". Keekee huzungushwa na mashine. "Mzungusho wa keekee" ni jina linaloeleza hali hiyo. "Mzunguko" libaki kwa ugiligili, ambako mfano wa damu umekwisha kulizoeza kwa wasemaji.

5.0 Kilichopotea

Istilahi ya tatu ndiyo inayomgusa mwanakijiji moja kwa moja. Ugiligili ukisukumwa chini na usirudi, huwa ni rahisi kusema "maji yamepotea". Kwa aliyekuwa akisubiri maji, sentensi hiyo ina maana moja: kisima ni kikavu.

Kiufundi maana yake inakaribia kuwa kinyume. Ugiligili usiorudi umepata pa kuingilia, yaani mwamba una nyufa au matundu. Katika miamba migumu maji ya ardhini hukaa hasa katika nyufa. Ikiwa nyufa hizo ziko juu ya kina cha maji ya ardhini, zitakuwa kavu na kupotea kwa ugiligili hakutathibitisha chochote kuhusu wingi wa maji. Zikiwa chini ya kina hicho, huenda ndizo zilizokuwa zikitafutwa. Fundi anayekimbilia kuziba upotevu kwa bentonaiti anaweza kuziba njia ya maji yenyewe. Tahadhari hiyo haionekani katika neno "kupotea", kwa sababu kilichopotea huitwa hasara, na hasara huzibwa.

Inapendekezwa dhana itajwe kwa kile kinachoonekana mdomoni mwa shimo: "mrejeo". Mrejeo unaweza kupungua, kukoma au kuzidi. Istilahi hii ina faida ya utaratibu kuliko "kupotea", kwani inataja pia hali ya tatu ambayo "kupotea" haiwezi kuitaja: kile kinachotoka kikizidi kilichosukumwa, maji ya ardhini yanaingia shimoni.

6.0 Pingamizi na hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba mafundi huelewana kwa muktadha. Ni kweli wanapokuwa kando ya mtambo, wanaposikia sauti ya injini na kuona kinachotoka. Muktadha huo haupo katika taarifa inayosomwa miezi kadhaa baadaye. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019 iliunda RUWASA na kuviweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kuwa waendeshaji wa miradi vijijini. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Wajumbe wa chombo cha jamii hawawezi kukisimamia kisima ambacho kumbukumbu zake hawazielewi.

Istilahi haileti maji mahali yasipokuwepo, na mapendekezo haya yatathibitika au kukataliwa na watumiaji. Lakini hatua ya kuyajaribu ni ndogo: safu moja ya "mrejeo" katika fomu ya kumbukumbu za uchorongaji, kando ya safu za kina, aina ya ugiligili na rangi ya vipande. Mjumbe akisoma sentensi kama "mita 62, hewa, mrejeo umekoma, vipande vikavu", ana maswali ya kumuuliza fundi kabla mtambo haujaondoka. Akisoma "maji yamepotea", hana swali lililobaki.