Moyo Uulizwapo: Mauti na Uhai katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imezoeleka kusomwa kama waadhi wa kuutupa ulimwengu. Usomaji huo una msingi, kwani mshairi aufananisha ulimwengu na mzoga upendwao na mbwa, na taa iliyo katika upepo, na bahari ya hatari. Lakini aishiaye hapo ameyashika maneno na kuiacha sauti iyasemayo.

Natutazame kwanza ni nani asemeshwaye. Mshairi hakupanda mimbari. Auhoji moyo wake mwenyewe, tena kwa namna ya mtu aliyechoka kumngoja ndugu mkaidi. Umbo la shairi lasaidia kazi hiyo. Kila ubeti una mistari minne. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne hurejea kwenye kina kile kile kipitacho katika shairi zima. Msikilizaji aungojea mstari huo wa nne kama angojeaye mlango kubishwa. Moyo wapewa nafasi ya kujibu, nao haujibu.

Kisha twaingia Pate. Shairi hukadiriwa kuwa la mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mji huo, uliokuwa na nguvu katika visiwa vya Lamu, ulipokuwa ukiporomoka. Vita vya Shela vya miaka ya 1812 na 1813 hivi viliuvunja zaidi. Mshairi atupitisha katika majumba: madaka yaliyopambwa kwa visahani sasa yamelaliwa na makinda ya ndege, popo wananing'inia juu, bundi analia ndani, na kumbini husikika wadudu tu. Hapa ndipo nitofautianapo na usomaji wa kawaida. Mtu aidharauye dunia hakumbuki madaka yalitiwa nini. Hazitaji taa, vitanda na manukato kwa uangalifu wa namna hii. Sayyid Abdalla aliupenda mji huu, na kwa kuwa aliupenda, maangamizi yake yaweza kumfunza jambo. Mauti yamemfumbua macho akaona kilichokuwapo. Na neno inkishafi lenyewe lina maana ya kufunuka.

Sehemu ya mwisho, itajayo moto mmoja baada ya mwingine kwa majina, naiona dhaifu kisanaa ingawa ina uzito wake kwa Mwislamu. Moto wa Akhera hutisha kila mtu sawasawa. Daka tupu la Pate lamgusa aliyekula katika sahani zile.

Yafaa kuliweka shairi hili kando ya utendi wa Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, uliotungwa mwaka 1858. Naye alitunga akiwa mgonjwa, akiyaona mauti karibu. Lakini badala ya kuuhoji moyo, amwita bintiye, amwambie alete wino na karatasi. Kisha amwelekeza kuhusu adabu, usafi, kujipamba na maisha ya ndoa. Mara nyingi tendi hizi mbili huwekwa katika mafungu mbalimbali, moja la dini na moja la unyumba. Mimi naona Mwana Kupona ameanzia pale Sayyid Abdalla alipokoma: moyo umekwisha kuulizwa, na sasa kuna nyumba ya kufagiwa.