Mali Bila Daftari: Juu ya Fungu la Umma kwa Elimu ya Insia

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii husemwa sana madukani na katika vyama vya ushirika, mahali ambapo mali ni magunia ya kahawa na fedha taslimu. Ni mara chache husemwa juu ya mali ya namna nyingine, ambayo haipimwi kwa mizani wala haiwekwi ghalani, nayo ni lugha, historia, desturi na hekima ya watu. Walakini mali hii nayo ina daftari lake. Daftari hilo ni utafiti wa insia na sayansi za jamii. Katika makala haya nataka kuhakiki jinsi daftari hili linavyolipiwa katika nchi yetu, na kuuliza kama mwenye mali ndiye mlipaji.

Mfano wangu wa kwanza watoka Nyabiyonza, katika Wilaya ya Karagwe, ile ambayo mwaka 2012 iligawanywa ikazaa Wilaya ya Kyerwa. Ni nchi ya migomba, kahawa na maharage. Lugha ya wenyeji ni Runyambo. Historia yao si changa. Ufalme wa Karagwe ulikuwa na jina kubwa hata Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Israel Katoke aliuandikia historia nzima katika kitabu kilichotoka mwaka 1975. Lugha yenyewe imepata bahati ambayo lugha nyingi za Tanzania hazijaipata. Profesa Josephat Rugemalira aliitolea msamiati kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka 2002, kisha sarufi mwaka 2005.

Siku moja niliupeleka msamiati huo Nyabiyonza nikamsomea mzee mmoja. Alisikiliza kwa furaha, akasahihisha matamshi yangu, akacheka pale ulimi wangu uliponisaliti. Mwishowe akauliza, "Mwalimu, kazi hii yote ya kukusanya maneno, nani aliigharimia?" Nikamjibu kwamba vitabu hivi vilitoka katika Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001, na kwamba fedha zilitoka Sweden. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi mkulima wa huko amelipa kodi ili neno la bibi yangu lisipotee. Mungu ambariki. Lakini sisi, kodi yetu ililipia nini?"

Sikuwa na jibu zuri siku ile. Makala haya ni jaribio la kulitafuta.

Kwanza tukiri fadhila. Mradi ule ulifanya kazi kubwa. Ulichapisha misamiati na sarufi za lugha nyingi ambazo hazikuwa na hata ukurasa mmoja, na mwaka 2009 ukatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyoonyesha lugha zipatazo 150 na mahali zinaposemwa. Mtu anayepokea maji jangwani haulizi ndoo ni ya nani. Lakini akiisha kunywa, na akili ikamrudia, ni wajibu wake kuuliza kwa nini nyumbani kwake hapana kisima.

Hapana mtu awezaye kusema kwamba fedha za umma hazijawahi kulipia elimu hii katika nchi zetu. Zimelipa, na tena zamani. Mwaka 1940 Uingereza ilitunga sheria ya maendeleo na ustawi wa makoloni, na ndani yake mliwekwa fungu la utafiti. Mwaka 1944 likaundwa baraza la utafiti wa sayansi za jamii katika makoloni, na mwaka 1948 ikaanzishwa taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere. Huku Tanganyika serikali ilikuwa na mtaalamu wake wa jamii, Hans Cory, ambaye pamoja na Hartnoll alichapisha mwaka 1945 kitabu cha sheria za mila za Wahaya, majirani wa Wanyambo.

Kitabu hicho chastahili kutazamwa na kila asemaye kuwa utafiti wa mila ni anasa. Hakikubaki rafuni. Jambo lililokuwa likisemwa na wazee barazani, likibadilika kwa busara ya baraza na haja ya wakati, liligeuka kuwa ibara yenye nambari, nayo mahakama zikaishika. Mwaka 1963 serikali huru ikatangaza sheria za mila kwa maandishi, na katika kanuni za urithi mwanamke akakatazwa kuuza ardhi ya ukoo. Ilipasa kungojea hadi mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alipoamua katika shauri lililotoka kwa Wahaya kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Hivyo basi, utafiti wa insia si mapambo. Ukiandikwa kwa haraka, au kwa haja ya mtawala, huweza kumkalia mjane shingoni kwa miaka mingi. Nani aliye tayari kumwachia mtu mwingine kazi ya namna hii, na gharama yake, na uchaguzi wa maswali yake?

Baada ya uhuru tulianza vizuri. Kamati ya lugha iliyozaliwa mwaka 1930 ikageuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika chuo chetu mwaka 1964. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Na mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kamusi hiyo ni ushahidi kwamba dola ikitaka, yaweza kuwatunza watu wanaohesabu maneno kwa miaka mingi bila kuwauliza kila mwezi faida yake ni shilingi ngapi. Mwaka 1968 likaundwa Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, na mwaka 1986 mahali pake pakashikwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo husimamia mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia, ujulikanao kama MTUSATE.

Hapa ndipo uhakiki wangu unapoanza kuuma. Sisemi kwamba mlango wa mfuko huo umefungwa kwa mtu wa insia. Nasema kwamba jina lililoandikwa juu ya mlango si jina lake, na kila aingiapo hulazimika kujieleza. Mwanahistoria huambiwa aeleze teknolojia aliyoibuni. Mhakiki wa fasihi huambiwa aonyeshe matokeo yanayopimika katika miezi ishirini na minne. Na dalili za siku hizi zaelekea upande uo huo. Ufadhili wa masomo uitwao Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, huwalipia vijana waliofaulu vizuri sana michepuo ya sayansi katika kidato cha sita. Ni jambo jema, nami nawapongeza. Lakini kijana wa Karagwe aliyefaulu vizuri vivyo hivyo katika historia na Kiswahili hujifunza jambo moja kabla hajafika chuoni, kwamba taifa lake halikumtazamia.

Haki yataka nitaje pia lililofanywa upande wa pili. Mwaka 2022 ilianzishwa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, nayo hutolewa tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu. Vilevile mradi wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 umegusa hata mkoa wa Kagera, maana miongoni mwa kazi zake ni ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini tuzo humpa mtu aliyekwisha kuandika. Haimlipii nauli aendaye kuuliza. Na jengo ni jengo. Chumba cha mhadhara hakiwezi kwenda chenyewe Nyabiyonza kumsikiliza mzee.

Tutazame mfano wa pili, ambao watoka mkoa uo huo. Kati ya mwaka 1991 na 1994 Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya uchunguzi wa kaya zipatazo 900 za Kagera, ili kujua vifo vya watu wazima, hasa vya Ukimwi, vinaifanya nini nyumba. Ulikuwa mkoa wenye msiba: wagonjwa wa kwanza wa ugonjwa huo nchini walitambuliwa huko mwaka 1983. Watu walewale walifuatwa tena mwaka 2004 na mwaka 2010, hata wale waliohama. Kwa uchunguzi huu Kagera imekuwa mojawapo ya mikoa inayojulikana sana na wachumi duniani. Moja ya matokeo yake mashuhuri, lililochapishwa mwaka 2011, ni kwamba waliohama makwao waliendelea kimaisha kuliko ndugu zao waliobaki, na tofauti ilikuwa kubwa. Je, ni diwani gani, au ni baba gani anayebishana na mwanawe juu ya kuondoka, aliyepata kulisoma jambo hili kwa Kiswahili? Maswali yaliulizwa majumbani mwao, majibu yakatoka vinywani mwao, na maarifa yakaenda kukaa mahali wasipofika. Silaumu wachunguzi, anayelipa ndiye achaguaye lugha ya daftari.

Na anayelipa aweza pia kufunga mkoba. Mwezi Juni 2023 serikali ya Sweden ilisimamisha fungu la utafiti wa maendeleo lililokuwa likitolewa na baraza lake la utafiti. Mwezi Aprili 2025 mfuko wa taifa wa insia wa Marekani ulifuta kwa ghafula ruzuku zaidi ya 1,000 ulizokwisha kuahidi kwa wasomi wa Marekani wenyewe. Kama mwenye nyumba hakusalimika, mgeni atasemaje? Nguo ya kuazima haisitiri.

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa kwamba nchi ni maskini, na kwamba shilingi moja ikigombewa na msamiati na dawa ya mnyauko wa migomba, haki ni ya migomba. Hoja hii ina uzito, wala siidharau. Mnyauko uliothibitishwa Kagera mwaka 2006 ulitia njaa na huzuni katika nyumba nyingi. Lakini tazama jinsi ulivyopigwa vita. Hapakuwa na dawa ya kunyunyiza. Silaha zilikuwa kukata ua dume kwa kijiti chenye panda, kung'oa shina lililougua, na kusafisha kisu kwa moto au dawa. Silaha hizi zote ni maneno kwanza, kabla hazijawa vitendo. Bwana shamba asiyejua mwenyeji aitaje migomba yake, aigawe vipi, ipi ni ya chakula na ipi ya pombe, na ipi haing'olewi kwa sababu ilipandwa na marehemu, atasema maneno ya kweli yasiyosikiwa. Sayansi ya mimea ilijua ugonjwa. Ilihitaji sayansi ya watu ili ifike shambani. Basi msamiati na migomba havigombani. Ni wateja wa duka moja.

Hoja ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, nayo natoa mwenyewe. Fedha za serikali zina kamba. Mfano wa Cory waonyesha kwamba dola hupenda maarifa yanayoisaidia kutawala, na yamkini dola huru itapenda maarifa yanayoisifu. Kwa hiyo siombi fungu litolewe na afisa kwa msomi amtakaye. Naomba fungu lililotengwa kwa sheria, likasimamiwa na wasomi wenzao wanaobadilishwa kwa zamu, na majina ya waliopewa na sababu zake zikatangazwa. Na ahadi ya sheria peke yake haitoshi. Wakuu wa Afrika wamekuwa wakitaja asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti tangu Mpango wa Lagos wa mwaka 1980; Kenya iliandika asilimia 2 katika sheria yake ya mwaka 2013; lakini karatasi na hazina ni ndugu wasiofanana. Afadhali mfano wa Uganda, ambayo katika mwaka wa fedha 2019/2020 ilitoa shilingi zake bilioni 30 kwa utafiti wa Makerere. Fedha iliyotolewa hushinda fedha iliyoahidiwa.

Masharti yangu ni manne, nayo si makubwa. Sehemu maalumu ya mfuko wa taifa itengwe kwa insia na sayansi za jamii, na itajwe kwa jina. Ruzuku ziwe ndogo lakini ndefu, maana lugha haijifunzwi kwa miezi sita. Maombi yaruhusiwe kuandikwa kwa Kiswahili, kwani ni ajabu mtu kuomba kwa lugha ya kigeni fedha ya Watanzania ili achunguze Kiswahili. Na kila atakayemaliza kazi aache nakala ya matokeo, kwa Kiswahili chepesi, katika shule ya kata aliyoichunguza.

Hili la mwisho ndilo nililomrudia nalo yule mzee. Nilimweleza nilivyokuwa nikifikiri, naye akanisikiliza hadi mwisho. Hakusifu wala hakupinga. Aliuliza tu, "Wajukuu zangu watakisoma kitabu hicho shuleni, au kitafungiwa kabatini?" Nikamwambia kwamba hilo litategemea nani aliyekilipia. Akatikisa kichwa, akaushika ule msamiati, akauweka chini ya mto wake ili watoto wasiuchane. Ulikuwa ni mmoja tu katika nyumba ile.